Git mpya na zana za zamani: namna ya kuzipatanisha bila kushusha vesheni

Wakuu, hii ni kwa wale wenye Git (programu ya kutunza historia ya kodi) mpya kwenye mashine halafu vitu vingine vyote vinavyoigusa ni vya zamani: Eclipse (editor ya kodi) ya miaka ile, Jenkins (seva ya kubild na kupima kodi) ambayo hakuna anayethubutu kuigusa, projekti ya mteja yenye Node ya kale, seva ya CentOS 7 iliyoko kwenye kona ya ofisi. Umeapdeti Git, kwenye terminali kila kitu kinaenda poa, ukifungua Eclipse inakwambia repo (folda la projekti linalotunzwa na Git) haisomeki, au Jenkins iliyokuwa inafanya kazi tangu mwaka juzi imeanza kuleta nyekundu tupu. Wengi hapo wanaondoa Git mpya wanarudisha ya zamani na mjadala unaishia hapo. Naomba usifanye hivyo kwanza, maana Git za zamani zina matundu ya usalama ambayo yalishazibwa, halafu mara nyingi kushusha vesheni hakuponyi chochote, kwa sababu kilichobadilika kimeshaandikwa ndani ya folda la .git na hiyo Git ya zamani nayo ikifika hapo itagoma vilevile.

Ugomvi wenyewe huwa unatokea sehemu tatu. Ya kwanza ni ndani ya .git, yaani namna data inavyoandikwa kwenye diski. Ya pili ni njia ya kwenda kwenye seva, SSH au HTTPS. Ya tatu ni tabia ambazo Git imezibadilisha na skripti zako zilikuwa zinazitegemea. Ukishajua uko sehemu ipi dawa inakuwa mistari miwili mitatu, usipojua utahangaika wiki nzima ukibadilisha vitu ambavyo havihusiki kabisa.

Kabla ya yote weka nakala. Ingia kwenye repo uandike:

git bundle create ../nakala.bundle --all

Hiyo inakupa faili moja lenye komiti na matawi yako yote, unaweza kulikloni baadaye kama vile ni seva. Ila halibebi mabadiliko ambayo hujakomiti wala konfigi yako, kwa hiyo na folda zima nalo likopi pembeni. Najua inachosha hasa repo ikiwa kubwa, lakini tunaenda kugusa .git kwa mkono na hapo hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Jua kila zana inatumia Git ipi

Watu wengi wanarukaruka hapa. Kuwa na Git mpya kwenye mashine hakumaanishi kila programu inaitumia hiyo. Eclipse inatumia EGit, na EGit ndani yake ina JGit ambayo ni Git iliyoandikwa upya kwa Java, haina habari kabisa na Git uliyoinstoo wewe. Unaweza kuapdeti Git ya mashine mpaka kesho, JGit iliyoko ndani ya Eclipse inabaki vilevile mpaka uapdeti EGit yenyewe. Zana zingine zimejengwa juu ya libgit2, laibrari ya C (Cargo ya Rust kwa mfano inaitumia), na nyingi zilizoandikwa kwa Go zinatumia go-git. Hizi zote zinasoma faili zilezile za .git lakini kila moja ina umri wake. Upande mwingine kuna VS Code, IntelliJ na Android Studio, hizi zinaiita Git ya kwenye mashine, kwa hiyo ukiapdeti Git na zenyewe zinafuata, labda kama ndani ya mipangilio kuna mtu aliandika njia inayoelekea Git nyingine. Kwenye Android Studio angalia Settings, Version Control, Git, utaona sehemu ya njia ya Git na kitufe cha Test, kibonyeze uone inataja vesheni gani.

Kwenye Windows andika where git, kwenye Linux na Mac andika type -a git. Zikitokea mbili tatu usishangae, moja imekuja na programu fulani, nyingine uliinstoo mwenyewe, nyingine iko ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Andika pembeni zana gani inatumia ipi. Halafu fanya jaribio hili: nenda terminali, ingia kwenye repo ileile inayogoma, andika git status. Ikikubali kwenye terminali na kugoma kwenye zana, shida iko kwa msomaji wa zamani na unaweza kwenda moja kwa moja kwenye sehemu inayofuata. Ikigoma kote, shida ni ya repo yenyewe au ya ruhusa.

Ndani ya .git

Fungua faili la .git/config kwa editor yoyote. Repo ya kawaida ina repositoryformatversion = 0. Ukikuta hivi:

[core]
    repositoryformatversion = 1
[extensions]
    partialClone = origin
    worktreeConfig = true

basi umempata mchawi. Namba 1 inaiambia programu yoyote inayosoma hapo kwamba kwenye kipengele cha extensions kama kuna jina hulijui, acha, usiguse repo hii. Git ilianza kuielewa namba 1 kuanzia 2.7 ya Januari 2016, kwa hiyo ile 1.8.3.1 inayokuja na CentOS 7 ikikutana nayo inatoa "Expected git repo version <= 0, found 1" na inaishia hapo hapo. Programu zenye libgit2 ya zamani zinatoa kitu kama "unsupported extension name extensions.worktreeconfig". Git yenyewe ikikutana na ekstensheni ya baadaye kuliko umri wake inasema "unknown repository extension found" na kulitaja jina. Ujumbe unatisha ila ni ulinzi, inakataa ili isije ikaharibu.

Hizo ekstensheni hazikujiandika zenyewe, kuna mtu aliandika komandi. Ukikloni kwa --filter=blob:none (yaliyomo kwenye mafaili yavutwe pale tu yanapohitajika) ili kuokoa bando unapata partialClone. Ukitumia git sparse-checkout set (kutoa sehemu tu ya mafaili ya repo) unapata worktreeConfig. Git 2.48 ya Januari 2025 ilileta uwezo wa worktree (folda lingine la kazi la repo ileile) kutumia njia fupi zisizoanzia kwenye mzizi wa diski, ukiuwasha unapata relativeWorktrees, na Git zote za kabla ya hapo zinakosa mlango. Git 2.45 ya Aprili 2024 ilileta reftable, namna mpya ya kuhifadhi majina ya matawi, na Git 2.29 ya Oktoba 2020 ilileta repo za SHA-256, yaani zinazotambulisha komiti kwa hashi ya SHA-256 badala ya SHA-1 ya kawaida.

Sasa kitu ambacho ningependa kila mtu akijue: karibu zote hizi ziko kwenye .git ya mashine yako tu, hazipandi kwenye seva unapopushi. Historia yako iko salama na wenzako hawajaguswa. Kwa hiyo dawa nyepesi kuliko zote ni kuipa zana ya zamani kloni yake yenyewe, ya kawaida kabisa, bila filter, bila sparse:

git clone anwani-ya-repo projekti-eclipse

Eclipse ifungue hiyo, wewe terminali yako endelea na ile yenye mambo mapya, mnakutana kwenye seva. Kama bando ni shida na repo yako haikukloniwa kwa filter, kloni kutoka folda la ndani ya mashine hiyohiyo halafu umwelekeze kwenye seva:

git clone /njia/ya/repo projekti-eclipse
cd projekti-eclipse
git remote set-url origin anwani-ya-repo
git fetch

Repo ya filter haifai kwa njia hii kwa sababu baadhi ya vitu vyake havipo kwenye diski, hiyo lazima uvute kutoka kwenye seva.

Kama hutaki kloni ya pili, unaweza kurudisha repo nyuma palepale. Kwa sparse ni git sparse-checkout disable, halafu angalia kama kuna faili .git/config.worktree, kilichomo kama bado unakihitaji kihamishie kwenye .git/config ya kawaida, ndipo uandike git config --unset extensions.worktreeConfig. Kwa reftable, kuanzia Git 2.46 kuna git refs migrate --ref-format=files, ila haitaki repo yenye worktree za pembeni, ziondoe kwanza. SHA-256 haina njia ya kurudi, repo ya SHA-256 na ya SHA-1 haziongei, kwa hiyo hiyo usiianzishe kwenye projekti ambayo zana ya zamani itaigusa.

Na tafadhali, usifungue config ukabadilisha 1 iwe 0 kwa mkono eti "inafanya kazi". Itafungua kweli, lakini umeondoa kufuli bila kuondoa kilichofungiwa. Git ya zamani ikiingia kwenye repo ya filter itaona vitu havipo na kudhani repo imeharibika, kwenye reftable haitaona matawi yako, halafu ikianza kuandika hapo ndo utalia.

Kuna faili lingine linaloleta balaa na halionekani kwenye config kirahisi, nalo ni .git/index, ile orodha ya mafaili ambayo Git inaitunza ili ijue nini kimebadilika. Kuna mpangilio unaitwa feature.manyFiles, watu wanauwasha wakisikia unaongeza spidi kwenye repo kubwa, na kweli unaongeza, ila unawasha vitu vitatu kwa mpigo: index.version inakuwa 4, core.untrackedCache inawaka, na kuanzia Git 2.40 ya Machi 2023 index.skipHash nayo inawaka. Hiyo ya mwisho inaacha kuandika hashi (namba ya kuhakiki faili) ya mwisho wa faili, inaweka sifuri tupu. Zana isiyojua habari hiyo inapiga hesabu yake, inakuta haifanani, inasema faili limeharibika. JGit ya zamani inasema "DIRC checksum mismatch", libgit2 ya zamani inasema "calculated checksum does not match expected". Mtu akiona hivyo anadhani diski inakufa! Diski haina shida. Nyaraka za Git zenyewe zinasema vesheni za chini ya 2.13 zitakataa kulisoma faili hilo, na za chini ya 2.40 zitalalamika ukiendesha git fsck, ile komandi ya kukagua repo. Zima hivi:

git config feature.manyFiles false
git config index.skipHash false
git config index.version 2
rm .git/index
git reset

Kufuta index kunaondoa vile ulivyokuwa umeviweka tayari kwa komiti kwa git add, mafaili yako yenyewe hayaguswi, utaviongeza tena. Kama mpangilio ulikuwa umewekwa kwa --global, mistari hii inaushinda kwenye repo hii tu na kwingine unaendelea kufaidi spidi, mimi ndo napendelea hivyo. Ili ujue ulitokea faili gani andika git config --list --show-origin, inakuonyesha kila mpangilio na mahali ulipoandikwa. Komandi hiyo peke yake imemaliza mabishano mengi.

Dubious ownership

Hii inastahili sehemu yake maana imewasumbua watu kuliko nyingine zote. Aprili 2022 ilitoka Git 2.35.2 kuziba tundu la usalama CVE-2022-24765, na tangu hapo Git inakataa kufanya kazi kwenye repo ambayo mwenye folda si yule anayeendesha komandi. Ujumbe ni "fatal: detected dubious ownership in repository at" na njia ya folda. Sababu yake ni ya msingi: kwenye mashine ya watu wengi, mtu anaweza kuweka folda la .git mahali pa wote, ndani yake config inayoendesha programu yake, wewe ukipita tu na git status umeshaendesha kitu chake.

Zana za zamani zilitengenezwa kabla ya hapo na hazikuwahi kufikiria jambo hili. Docker inaingiza folda la mtumiaji 1000 ndani ya kontena linaloendeshwa na root, gomo. Jenkins inaendesha kama mtumiaji jenkins kwenye folda lililokopiwa na root, gomo. Flash yenye exFAT haiandiki mwenye faili ni nani, Git inakwambia mfumo huo hauhifadhi umiliki, gomo. Halafu kuna zile ambazo zinaficha sababu yenyewe, mfano Go kuanzia 1.18 inaiita Git wakati wa kubild ili iweke alama ya komiti ndani ya programu, ikigomewa inasema "error obtaining VCS status: exit status 128" na kukushauri utumie -buildvcs=false. Watu wanaweka hiyo flagi wanaendelea na maisha, na programu zinatoka bila alama ya komiti, siku ya kutafuta seva inaendesha kodi ipi hakuna anayejua.

Dawa ya kwanza ni kurekebisha mwenye folda, sudo chown -R jenkins: na njia, maana hilo ndilo kosa lenyewe. Kama haiwezekani, kwa mfano kwenye kontena, iambie Git folda hili naliamini:

git config --system --add safe.directory /kazi/projekti

Nimeweka --system kwa makusudi. Watu wanaandika --global wakiwa wameingia kwa jina lao, halafu wanashangaa Jenkins bado inagoma, wakati --global ni ya kwako wewe, jenkins ana nyumba yake. Na huduma zinazoanzishwa na systemd wakati mwingine hazina HOME kabisa, hivyo hata global yake haisomwi. Kuweka safe.directory '*' kwenye seva ya watu wengi ni funika kombe mwanaharamu apite, umerudisha tundu lilelile lililozibwa. Ndani ya kontena la kubild linalozaliwa na kufa ndani ya dakika chache sioni shida, kwenye laptopu ya ofisi inayotumiwa na watu watatu usiweke.

Njia ya kwenda kwenye seva

Hapa anayegombana mara nyingi hata si Git, ni OpenSSH iliyokuja nayo. Git for Windows inabeba OpenSSH yake ndani, ukiapdeti Git umeapdeti na hiyo bila kujua. OpenSSH 8.8 ya Septemba 2021 iliacha kukubali sahihi za ssh-rsa zinazotumia SHA-1, na seva ya zamani ambayo haijui nyingine inakataliwa kwa "no matching host key type found. Their offer: ssh-rsa". Dawa ya kweli ni kuapdeti seva. Ukiwa unasubiri wakubwa wakubali, weka hivi kwenye ~/.ssh/config, kwa seva hiyo moja tu:

Host seva-ya-ofisi
    HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
    PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa

Usiandike Host * hapo juu, utakuwa umelegeza ulinzi wa seva zote unazoingia. Na ufunguo wako wa RSA hauna kosa, usikimbilie kuufuta, kilichokataliwa ni aina ya sahihi.

Kuna na upande wa pili, ufunguo mpya kwenye zana ya zamani. Tangu OpenSSH 7.8 ya Agosti 2018, ssh-keygen inaandika funguo kwa mtindo wake yenyewe, ukifungua faili mstari wa kwanza unasema BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY. Zana za Java za zamani zinazotumia JSch (laibrari ya SSH ya Java), Eclipse za kale zikiwemo, zinajua BEGIN RSA PRIVATE KEY tu, zikiona ule mwingine zinasema "invalid privatekey" na herufi za ajabu mbele yake. Kopi ufunguo kwanza, halafu ibadilishe ile kopi:

cp ~/.ssh/id_rsa ~/.ssh/id_rsa_eclipse
ssh-keygen -p -m PEM -f ~/.ssh/id_rsa_eclipse

Itakuuliza paswedi, unaweza kuweka ileile. Kisha iambie Eclipse itumie hiyo kopi. Funguo za ed25519 hazibadiliki kwenda mtindo huo, kwa zana hizo tengeneza RSA ya pembeni. Vesheni mpya za EGit ziliachana na JSch zikahamia laibrari nyingine ya SSH, Apache MINA, kwa hiyo kama unaweza kuapdeti EGit yote haya yanaisha.

Kwa HTTPS, GitHub ilizima TLS (usimbaji unaolinda HTTPS) ya 1.0 na 1.1 Februari 2018, na kuanzia tarehe 13 Agosti 2021 haipokei paswedi ya akaunti kwenye Git, inataka tokeni. Zana ya zamani yenye kisanduku cha paswedi haijui tokeni ni nini lakini haihitaji kujua, bandika tokeni palepale pa paswedi inapita. Kwenye suala la vyeti, cheti cha mzizi cha DST Root CA X3 kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021, na mashine za zamani zikaanza kukataa seva nyingi zinazotumia Let's Encrypt. Apdeti ca-certificates, na Java 8 iwe angalau 8u141. Kuzima http.sslVerify usikuguse hata kwa dakika moja, maana dakika moja hiyo inakaa miaka.

Wa npm wa zamani mnaijua hii: package.json ya kale ina anwani zinazoanza na git://, GitHub iliziua moja kwa moja Machi 2022, npm install inakaa tu hadi inachoka. Huna haja ya kugusa projekti ya mteja:

git config --global url."https://github.com/".insteadOf git://github.com/

Git yenyewe itabadilisha kila anwani kimyakimya.

Na kama zana imekuwa ya zamani kiasi kwamba haiwezi tena kuongea na seva kwa njia yoyote, usiilazimishe. Iache ifanye kinachohitaji macho, yaani kuonyesha tofauti, kukomiti, kutatua migongano ya kodi, halafu kupushi na kuvuta vifanyie kwenye terminali kwa Git mpya. Huu ndio mpango ninaoupendekeza kwa timu yoyote iliyofungwa na Eclipse ya zamani kwa sababu ya plagini fulani.

Skripti zilizokariri tabia za zamani

Hapa nitapita haraka. Skripti ya deploy yenye git pull tupu ilikuwa inaunganisha yenyewe matawi yaliyoachana, tangu Git 2.33 ya Agosti 2021 inasimama na kusema "Need to specify how to reconcile divergent branches". Weka git pull --ff-only kwenye skripti, na kama inagoma basi kuna mtu amehariri kitu moja kwa moja kwenye seva na ni vizuri umejua. Submodule (repo zilizowekwa ndani ya repo nyingine) zinazotoka folda la diski hiyohiyo zinagomewa kwa "transport 'file' not allowed" tangu 2.38.1 ya Oktoba 2022, ruhusu kwa komandi hiyo tu: git -c protocol.file.allow=always submodule update --init. Skripti inayosoma git branch ikitafuta "(no branch)" haitaipata tena, sasa ni "(HEAD detached at" na herufi za komiti. Kwa ujumla skripti isisome maneno ya binadamu, tumia git status --porcelain na git rev-parse, hizo zimewekwa kwa ajili ya programu na hazibadilishwi ovyo. Iliyokariri jina la tawi kuwa master isome tawi kuu la origin ambalo kloni imeliandika kwa git symbolic-ref refs/remotes/origin/HEAD.

Git ya zamani, vingine vyote vipya

Inatokea pia kinyume chake. CentOS 7 ilifika mwisho wa kuhudumiwa Juni 2024 lakini bado ipo kwenye seva nyingi, na Git yake ya 1.8.3.1 haijui git switch wala git restore (zilikuja na 2.23, 2019), haijui worktree (2.5, 2015), hata git -C haijui. VS Code ikiiona inakuonya inataka 2 kwenda juu. Kwenye GitHub Actions (huduma ya GitHub ya kubild na kupima kodi), ile hatua ya kushusha repo, actions/checkout, ikikosa Git ya 2.18 kwenda juu haisemi kwa sauti kubwa, inashusha mafaili kupitia API bila folda la .git, halafu hatua inayofuata inayotaka historia inaanguka na wewe unatafuta kosa mahali pengine kabisa. Hapo hakuna ujanja, weka Git mpya kwenye imeji ya kontena. Kwa wenye Windows 7, Git for Windows ya mwisho kwenu ni familia ya 2.46, kuanzia 2.47 inataka Windows 8.1 au zaidi, kwa hiyo kama timu ina mashine hata moja ya hivyo, msiwashe chochote kilichokuja baada ya hapo kwenye folda zinazoshirikiwa.

Git 3.0 ikija

Watengenezaji wa Git wameshaandika kwamba kwenye 3.0 repo mpya zitaanza na SHA-256 na reftable bila kuuliza, na tawi la kwanza litaitwa main. Repo zako zilizopo hazitabadilika, lakini mtu wa timu akiandika git init siku hiyo, zana zote za zamani zitakuwa nje. Unaweza kupima leo, kwenye folda la kutupa, ukiwa na Git ya 2.45 kwenda juu:

git init --object-format=sha256 --ref-format=reftable jaribio

Weka komiti mbili tatu, halafu lifungue kwa kila zana uliyoiandika kwenye ile orodha ya mwanzo, moja baada ya nyingine, Eclipse, Jenkins, plagini ya editor, skripti ya bakapu. Zitakazogoma ziandikie jina na vesheni. Na kwenye mashine za watu wanaozitumia hizo weka sasa hivi git config --global init.defaultObjectFormat sha1 na git config --global init.defaultRefFormat files, mipangilio hiyo inaeleweka kuanzia Git 2.47, ili siku Git 3.0 ikiingia kwenye mashine zao git init iendelee kuwapa repo ambayo Eclipse yao inaifungua.